Mafuta Meupe ya Victorine

Dada yangu Victorine ana kiburi cha vitu viwili tu maishani: nywele zake, ambazo hadi leo hazijaota mvi, na mafuta yake meupe. Nywele ni zawadi ya Mungu, hazina kosa. Mafuta ndiyo yaliyonizeesha mimi.

Kwetu Kindu, mashariki mwa Kongo, mafuta ya kupikia ni mawese, na mawese ni mekundu. Ndivyo yanavyotoka kwenye ngazi, yale matunda ya mchikichi, na ndivyo babu zetu walivyoyala bila kuuliza mtu. Lakini kabla ya vita treni ilikuwa ikileta mafuta meupe ya kiwandani, na watu wenye mishahara wakazoea kusema kwamba chakula chekundu ni chakula cha mashambani. Vita vilipoingia mwaka wa 1998 treni ikasimama, na mafuta ya kiwandani yakaisha madukani. Njaa ilikuwa mlangoni, na bado walikuwepo wakubwa waliotaka sahani isiyo na wekundu. Hao ndio walioanza kumtafuta Victorine.

Victorine alijua kuyatoa mawese rangi. Aliyatia kwenye sufuria nzito ya chuma, akafunika, akachochea kuni za kweli, akayaacha yaungue mpaka sote uani tukatokwa na machozi kwa moshi. Kisha alifunua, akachota kijiko kimoja, akakimimina kwenye kisahani cha udongo chenye ua la buluu lililochorwa katikati. Ua likionekana vizuri kupitia mafuta, kazi imekwisha. Likifichwa na wekundu, sufuria inarudi motoni. Sijawahi kumwona akimtazama mtoto wake kwa makini kama alivyolitazama lile ua, na nasema hivyo nikijua ninachokisema.

Mtoto mwenyewe, Arsène, alizaliwa mwaka wa 1999, katika nyumba ya marehemu baba yetu pale Mikelenge. Baba yake, Henri, alikuwa mtu wa reli. Treni ilipokatika alibaki upande wa pili, akangoja wiki mbili, akaoa huko huko. Basi tulibaki wanawake: mama yetu, Victorine, na mimi Hélène, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mdomo mrefu usiotumika siku za kutumika.

Arsène alipotoka tu, mama yetu aliyakamua yale maziwa ya kwanza, mazito ya njano, akayamwaga kwenye jani la mgomba. Alisema ni usaha, ni uchafu uliolala kifuani miezi tisa, mtoto akiunywa ataharisha. Siku tatu mtoto alinyweshwa maji ya mchele kwa kijiko, akilia, na kifua cha mama yake kimejaa. Mimi ndiye niliyepewa jembe nichimbe shimo la kufukia lile jani. Nilichimba vizuri sana, hata mama akanisifu.

Miezi minane baadaye biashara ya mafuta ilikuwa imeshamiri, na Victorine alishinda mbele ya moto. Mama akaja na neno jingine: mwanamke anayesimama kwenye moto mkubwa, maziwa yake huungua kifuani. Hakuna aliyeuliza moto unapitaje kwenye ubavu wa mtu. Arsène akaachishwa ziwa siku hiyo hiyo, akawekwa kwenye uji wa mchele, asubuhi, mchana na jioni. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa Victorine, uji wake ulitiwa kilicho bora nyumbani: kijiko cha mafuta meupe, yale yaliyopita mtihani wa ua.

Jirani yetu aliitwa Aziza. Uzio wa matete tu ndio uliotutenga. Alikuwa mjane, mcha Mungu, mwenye watoto wanne na mikate ya mchele aliyoiuza barabarani. Hakuwa na kuni za kuunguzia mafuta, wala haja nayo. Watoto wake walikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakielea katika mawese mekundu, na midomo yao ilikuwa na rangi ya machungwa kutwa nzima. Victorine aliwaonea huruma. Aliniambia, “Angalia, masikini ya Mungu, wanakula sawa watu ya pori.”

Arsène alipotimiza miaka miwili na nusu alianza kujikwaa. Mchana alikimbia kama watoto wengine. Jua likikaribia kuzama alitembea amenyoosha mikono, akaingia na miguu kwenye beseni la vyombo, akawaita vifaranga wake nao wako miguuni pake. Mama yake alisema ni mzembe. Wiki iliyofuata akasema ni mkaidi, anafanya makusudi ili abebwe.

Jioni moja Aziza alisimama kwenye uzio. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Mama Arsène,” alisema, “mutoto wako haone jioni. Iko na macho ya kuku. Umupe mawese yenyewe, ile nyekundu, na sombe.”

Victorine alikuwa na kisahani mkononi. Hata hakugeuka. “Mutoto yangu haanze kula chakula ya pori leo. Lea ya kwako.”

Ningekuwa na akili ya leo ningekivunja kile kisahani palepale. Sikukivunja. Nilicheka, maana dada yangu alikuwa amemweza jirani.

Siku chache baadaye Arsène alitokea upande wa uzio, giza likianza kuingia, midomo yake imepakwa wekundu. Palikuwa na tundu chini ya matete, la kupitia kuku, na mtoto mwembamba angeweza kupita pia. Victorine alimchapa mpaka fimbo ikakatika. Mwaka ule mji ulizingirwa. Aliyekwenda shambani hakujua kama atarudi, na chakula kilikuwa kile tu ulichoweza kukipata ndani ya mji. Katikati ya hayo surua ikapita nyumba kwa nyumba, ikaingia kwetu.

Siku tano Arsène alilala na homa, macho yamevimba, hataki mwanga. Siku ya sita jicho la kushoto lilikuwa jeupe.

Nilimbeba mimi mgongoni kwenda zahanati, kwa kuwa Victorine alikuwa amekaa chini na hakuweza kusimama. Muuguzi, mzee Bulaimu, alikata ncha ya kidonge laini, akamkamulia mtoto mdomoni, akamwangalia muda mrefu.

“Jicho ya kushoto imekwenda,” alisema. “Ya kuume tutaiponya. Huyu mutoto anakula nini?”

Nilimweleza yote: maji ya mchele, kuachishwa ziwa mapema, uji, mafuta meupe. Nilipofika kwenye mafuta aliweka kalamu chini.

“Ile rangi nyekundu ya mawese njo dawa ya macho,” alisema. “Ukiunguza, inakufa, unabakia na mafuta tupu. Na ile maziwa ya njano mulitupa, ile dawa iko ndani pia. Mulimunyima pa mwanzo, mulimunyima pa mwisho.” Akalifungua tena jicho la kulia kwa kidole. “Lakini sielewe. Kwa chakula umenitajia, macho yote mbili ingekufa. Hakuna kitu ingine anakulaka?”

“Hakuna,” nilijibu.

Nilirudi na maneno yake nikiyakariri njiani kama shairi la shuleni nisisahau hata moja. Niliyakuta yamechelewa. Mama na Victorine walikuwa wamekwisha kupata mchawi wao. Nani alimlisha mtoto kwa siri? Aziza. Midomo ilikuwa na rangi gani? Nyekundu, kama damu. Nilisema, “Yaya,” maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, “muuguzi amesema ni mafuta yetu.” Victorine alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Aliniambia kwamba nikirudia neno hilo, mimi si ndugu yake.

Kesi ilifanywa mbele ya mkuu wa mtaa. Aziza aliapa kwa Mungu kwamba hakumdhuru mtoto. Hakusema zaidi. Mkuu wa mtaa, mtu aliyependa amani kuliko haki, aliamua kuwa ushahidi hakuna, lakini kwa ajili ya utulivu mama huyo aache kuuza mikate kwenye mtaa wetu. Hivyo mjane mwenye watoto wanne akawa anatembea hadi mtaa wa Kasuku na beseni kichwani, kwa miaka. Nami nilikuwepo siku ile ya kesi. Nilikuwa nimesimama nyuma, na maneno ya mzee Bulaimu yote mdomoni. Nimewalaumu wengi tangu nilipoanza kuandika, basi na hili niliandike: nilinyamaza.

Miaka ishirini na miwili imepita. Vita viliisha, angalau vile vya mjini. Mama alikufa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na mdomo wangu sasa unafanya kazi, wakati mwingine kupita kiasi. Arsène ni fundi wa baiskeli. Anainamisha kichwa kidogo upande anapotafuta tundu kwenye mpira, na kwa jicho lake moja hulipata kabla ya wenye mawili. Uzio wa matete umegeuka ukuta wa matofali. Tangu kesi ile Victorine hajamwita Aziza kwa jina. Humwita “yule wa nyuma ya ukuta.”

Mwaka jana Arsène alimwoa Nicole, msichana kutoka kijiji cha Tunda, mpole wa sura na mgumu wa shingo, namshukuru Mungu. Binti yao Espérance alipozaliwa, Victorine alifika wodini na jani la mgomba chini ya kitenge. Nililiona. Nicole alikwisha kumweka mtoto kifuani, na mtoto anavuta yale maziwa ya njano kama aliyetumwa.

“Ile iko chafu, mwanangu,” Victorine alimwambia.

“Mama mukwe,” Nicole alijibu, macho chini, heshima tele, “iko chafu lakini ni yake.”

Mtoto hakutolewa. Nilitoka nje nikaenda kucheka peke yangu. Nikadhani tumeshinda.

Miezi sita Espérance alinyonya akanenepa. Saa ya uji ilipofika, Victorine alitangaza kwamba bibi ndiye atakayepika. Nicole alikuwa amerudi kwenye duka la vitenge, na bibi alikuwa nyumbani na mikono mitupu. Nani angekataa? Mimi mwenyewe nilisema ni vizuri, anapata kazi.

Jumamosi moja nilikuwa nikipita barabarani na madaftari ya wanafunzi, nikasikia harufu. Pua ina kumbukumbu kuliko kichwa. Nilisimama katikati ya njia, macho yakinilowa, na hayakuwa majonzi, ulikuwa ni ule moshi. Siku hizi mafuta meupe yako katika kila duka la Kindu, ya kila bei. Lakini Victorine alisema ya dukani ni mepesi, hayamfai mjukuu wake. Nilipoingia uani alikuwa amechuchumaa, kisahani mkononi, analitafuta ua.

Nilipiga kelele. Sitaki kujipamba. Niliyatupa madaftari ya watoto wa watu juu ya vumbi, nikaishika ile sufuria bila kitambaa, nikaungua, nikaiachia, mafuta yakamwagika mpaka kwenye kuni na moto ukaruka juu. Victorine naye akapiga kelele kwamba nimekuwa kichaa.

“Yaya, unataka jicho ya pili?” nilimwuliza. “Moja haikutoshe?”

Hatukuwahi kulisema. Miaka ishirini na miwili, Krismasi, misiba, harusi, hatukulisema. Victorine alinyanyuka taratibu. “Jicho ya mwana wangu ililiwa na ule wa nyuma ya ukuta,” alisema. “Hata weye unajua.”

“Miye najua kile Bulaimu aliniambia.”

“Bulaimu alikufa.”

“Alikufa na ukweli wake ndani ya kinywa yangu.”

Arsène alikuwa mlangoni. Siku ya Jumamosi hufunga mapema, tulisahau. Alikuwa amembeba Espérance begani. Alizima moto kwanza, kwa mchanga, bila haraka, kwa mkono mmoja. Kisha akaketi kwenye kigoda cha mama yake.

“Mama,” alisema, “mafuta ya Mama Aziza nilikula miaka mbili.”

Victorine akajibu haraka, “Mara moja. Nilikuchapa.”

“Mara moja mbele ya fimbo. Nyuma ya fimbo ni kila siku. Na kisha ya kesi ndiyo zaidi. Jioni nilikuwa napita kwa tundu ya kuku. Alikuwa ananipa sombe na mawese, kijiko kwa kijiko. Alisema nisipanguse midomo kwa nguo, nipanguse na majani, usione.”

Nikakumbuka swali la mzee Bulaimu: hakuna kitu kingine anachokula? Nilimjibu hakuna, kumbe kabla ya surua mtoto alikuwa akishiba nyuma ya matete. Mwanamke aliyezuiwa kuuza mikate kwa sababu ya mtoto huyu alikuwa anamlisha mtoto huyu. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Dada yangu alimpa wake bila kujua, na aliyepewa hakuwa mchawi.

“Kwa nini haukusema?” nilimwuliza Arsène. Hasira yangu ilikuwa bado inatafuta mtu.

“Alinikataza. Alisema mama akijua atafunga tundu.” Alimhamishia mtoto goti la pili. “Mama, kama ile mafuta ilikuwa sumu, hii jicho ninayokuangalia nayo ilitoka wapi?”

Espérance alikuwa ananyoosha mkono kuelekea kile kisahani, kilichoanguka bila kuvunjika, anataka kulishika lile ua la buluu. Macho yake ni makubwa, meusi, yanafuata kila kitu kinachopita. Victorine aliyatazama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama kitu kwa makini kuliko alivyotazama ua.

Kisha akaingia jikoni, akatoka na chupa tupu, akajifunga kitenge upya, akatoka nje. Nilimfuata, naye hakunikataza. Ukuta hauna tundu siku hizi, ilibidi kuzunguka barabarani, na jioni ya Jumamosi mtaa mzima uko nje. Wanawake waliacha kusukana. Hakuna aliyewahi kumwona Victorine akielekea upande ule.

Aziza alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Amezeeka. Shingo yake imepinda kidogo upande mmoja, na mimi najua kwa sababu ya beseni gani.

“Aziza,” dada yangu alisema. “Mujukuu wangu ameanza kula uji. Uko na mawese?”

Aziza hakuacha kupepeta. “Nyekundu ama nyeupe?”

“Nyekundu.”

“Kijiko moja kwa sahani,” Aziza alisema. “Njo ile nilikuwa nampa Arsène.”

“Najua,” Victorine alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Aziza naye ungo ukatulia mikononi mwake.

“Nilikuwa naona midomo,” Victorine alisema. “Majani haitoshe kupangusa mawese. Kila jioni nilikuwa naona, na nilikuwa nageuka nisione. Kama ningekubali ni weye unamuponya, basi njo miye nilimutoboa.”

Niliwaza beseni, niliwaza Kasuku, niliwaza miaka yote niliyomhurumia dada yangu kwa sababu hajui. Alijua. Nilitaka kumpiga, palepale, mwalimu mzima wa darasa la tatu, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu.

Aziza aliweka ungo chini. “Sema tena,” alisema. “Lakini sema kwa nguvu. Wakati ya kesi ulisema kwa nguvu.”

Victorine aligeuka kuelekea barabarani, walikosimama wanawake na vichwa vyao vilivyosukwa nusu. Akasema tena, kwa sauti, yote, kuanzia mafuta mpaka jicho mpaka midomo. Hakulia. Alipomaliza, Aziza alinyoosha mkono.

“Leta chupa,” alisema.